Mbwa wa jirani anachimba chini ya fensi na kula kuku wangu: nifanyeje?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Naishi Kibada, Kigamboni, nafuga kuku wa kienyeji kama 40. Upande wa nyuma nimepakana na mzee mmoja mstaafu mwenye mbwa dume mkubwa. Kati yetu kuna fensi ya chenlinki ya mita 18 hivi, niliyoijenga mimi. Tangu masika yaishe huyo mbwa anachimba chini ya fensi usiku na kuingia. Ameshaua kuku saba. Nikifukia shimo kwa mawe, kesho yake amechimba mita moja pembeni. Mzee anamfunga mnyororo mchana, usiku anamwachia alinde. Nimemwambia mara mbili, anasema mbwa ni mbwa. Fundi kanishauri niweke sumu ya panya kwenye utumbo wa kuku, mwingine kasema nimwage oili chafu. Banda langu lina mita tatu kwa nne, liko hatua mbili tatu kutoka kwenye fensi. Wikiendi nachinjia wateja, matumbo nafukia nyuma ya banda. Halafu sisi ni Waislamu, mbwa akipita kwenye vyombo ni kazi juu ya kazi. Nifanyeje? Na je, nikifuga mbwa wangu hatamfukuza?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuku saba. Kuku wa kienyeji aliyekomaa amekula miezi yako mingi kabla ya kuliwa na mbwa.

Naanza na sumu, maana nikichelewa fundi wako atakuwa ameshaileta. Usiweke. Utumbo wenye sumu ukiachwa mchangani usiku, asubuhi wa kwanza kuuona ni kunguru, na kunguru wa Dar hali pale alipookota. Ataubeba, mwenzake atamnyang'anya, kipande kitadondoka kwenye kisima cha mtu au pale watoto wanapochezea. Kuku wako nao wanadonoa kila kitu. Sumu nyingi za vipakiti zinazotembezwa mitaani hazina hata maandishi ya kueleza ni kemikali gani, kwa hiyo mtoto akiila, daktari hospitalini anabaki kubahatisha. Zile zinazozuia damu kuganda humuua mbwa kwa siku kadhaa, akivuja damu ndani kwa ndani. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo zaidi ya mara moja na sitaki kukusimulia. Kisheria nako utakuwa umejigeuzia kibao: leo wewe ndiye mwenye malalamiko, kesho wewe ndiye mlalamikiwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo Tanzania tangu mwaka 2008.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika mengi, lakini jambo kubwa kuliko yote umelipita mbio kana kwamba ni dogo: wikiendi unachinja, na matumbo unayafukia nyuma ya banda, hatua mbili tatu kutoka kwenye fensi. Nakisia shimo lenyewe ni la majembe manne matano tu. Jiweke kwenye nafasi ya yule mbwa. Mchana kutwa yuko kwenye mnyororo, juani au kwenye kivuli cha mwembe kinachohama, hana la kufanya zaidi ya kunusa. Upepo unamletea damu, manyoya na matumbo yanayoanza kuoza. Jioni mnyororo unafunguliwa. Mbele yake kuna waya, chini ya waya kuna mchanga wa Kigamboni, ambao hata mtoto anauchimba kwa mikono. Alipochimba mara ya kwanza alifuata harufu ya matumbo. Alipoingia akakutana na kuku. Tangu hapo hahitaji tena kushawishiwa na harufu, kwa sababu ameshalipwa mara saba.

Ndiyo maana nasema jambo la kwanza halihusu fensi. Jumamosi hii usifukie kitu nyuma ya banda. Chimba shimo jipya upande wa mbali kabisa na kwa mzee, liende chini angalau mita moja, na kila ukitupa matumbo funika kwa majivu na udongo wa kutosha. Shimo likibakiza nusu mita, lijaze kwa udongo na uanze jingine. Mahali pa kuchinjia pamwagiwe maji mengi na pasuguliwe siku hiyo hiyo. Kama una jirani mwenye mbwa au bwawa la kambare, mpe matumbo yakiwa yamechemshwa vizuri, usiyatoe mabichi. Na shimo la zamani? Lifukue, uhamishie vilivyomo kule kwenye shimo refu, kisha weka waya juu ya sehemu hiyo kwa namna nitakayoeleza. Ukiliacha, mbwa ataendelea kulikumbuka hata baada ya wewe kulisahau.

Twende kwenye mawe. Kila mtu huanza na mawe, na mimi nilianza na mawe. Nikiwa bado mwanafunzi Morogoro nilikuwa na mbwa aliyekuwa akitoroka chini ya fensi kila siku, na kila jioni nilikuwa na toroli la mawe. Nilimaliza mawe ya mtaa mzima. Nilikuwa naziba shimo lililochimbwa jana, yeye anachimba la leo. Mbwa hana mapenzi na shimo fulani. Anachotafuta ni sehemu ambapo waya unakutana na udongo na udongo unakubali, na kwako sehemu hiyo ina urefu wa mita 18.

Ila ana tabia moja inayotusaidia. Mbwa anayetaka kupita chini ya fensi huchimba palepale pua yake inapogota. Anasogea mpaka waya unamzuia, anainamisha kichwa, anaanza kuparua. Hana hesabu ya kurudi nyuma hatua moja, akaanzia mbali, akatoboa njia ya chini kwa chini. Wapo wachache wanaojifunza, lakini ni wachache kweli. Kwa hiyo mafundi wazoefu hawahangaiki kuufukia waya chini sana. Wanaulaza juu ya ardhi, kama mkeka, mbele ya fensi. Mbwa anakuja, anasimama juu ya mkeka huo, anaparua, makucha yanakutana na chuma. Anasogea pembeni, chuma. Anasogea tena, chuma. Siku chache za kwanza atajaribu kila mahali, na ndizo siku utakazodhani haifanyi kazi.

Utaona siri yote iko kwenye mahali miguu yake inaposimama. Na hapo ndipo kesi yako inapokuwa ngumu kidogo, maana mbwa huyu anachimba akiwa kwa mzee. Ukilaza waya upande wako tu, atachimba kwake, atapita chini ya fensi, atatokea chini ya waya wako. Waya ukiwa umebanwa vizuri utamgotesha kichwa na anaweza kurudi. Lakini mbwa aliyeshapitisha mabega hana wepesi wa kurudi, ataendelea kusukuma, na nimeona wengine wakinasa humo mpaka asubuhi. Kwa hiyo una kazi mbili, moja ya wiki hii ambayo haihitaji ruhusa ya mtu, na nyingine inayopitia sebuleni kwa mzee.

Ya wiki hii ni banda. Huko kote kuzunguka banda ni ardhi yako, na mbwa akifika hapo miguu yake inasimama kwako. Kwa vipimo ulivyonipa, mzunguko wake ni mita 14. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue waya meshi wa kuchomelewa, ule wenye matundu ya mraba, yasizidi sentimita tano, waya wake uwe na unene wa milimita mbili na nusu au tatu. Usiuziwe ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu kama sega la nyuki. Ule unazuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie; anaukata kwa meno, na kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni ukilala mchangani unaliwa na kutu upesi sana. Chukua uliopakwa zinki. Kama mfuko unaruhusu, zile sehemu zitakazogusa udongo zipake lami ya maji kabla ya kuzilaza, uziache zikauke siku nzima.

Upana wa waya uwe sentimita 90. Ukunje kama herufi L: sentimita 30 zipande kwenye ukuta wa banda, sentimita 60 zilale chini kuelekea nje. Sehemu inayopanda ifungwe kwa waya wa kufungia nondo, fundo moja kila baada ya sentimita 15 au 20. Kama ukuta ni wa mbao, tumia misumari ya kukunja. Sehemu inayolala ibanwe kwa vigingi. Mwambie fundi akukatie nondo za milimita nane, kila kipande sentimita 40, azikunje ncha kama fimbo ya mzee, na uzipige moja kila nusu mita kwenye ukingo wa nje. Kwenye mchanga mlaini kama wenu kigingi kifupi ni bure, kinang'oka kama jino la mtoto. Pale vipande viwili vya waya vinapokutana, vipishane kwa sentimita 15 na vifungwe. Pembe za banda ndizo sehemu wengi wanazokosea: wanaukata waya pembeni na kuacha pembetatu tupu ya udongo. Mbwa ataipata hiyo pembetatu usiku wa kwanza. Kata kiraka cha mraba ukifunge juu yake.

Ncha za waya zilizokatwa zikunje kuelekea chini zisije zikachana miguu ya watoto. Kisha tandaza mchanga kidogo juu, sentimita tatu nne zinatosha. Ukoka ukiota katikati ya matundu baada ya mvua, uache. Mizizi yake itaushika waya kuliko kigingi chochote. Kama huwezi kusubiri ukoka, panga tofali za inchi sita kwenye ukingo wa nje.

Mlango wa banda nao uangalie. Nafasi iliyo chini ya mlango isizidi upana wa vidole viwili, na chini yake weka kizingiti cha zege au tofali zilizozikwa. Yule mbwa wangu wa Morogoro, baada ya mimi kuzunguka kiwanja chote na waya kwa majigambo makubwa, alitoka getini. Sikuwa nimefikiria geti. Nyongeza usiyoitarajia: waya huohuo utakupunguzia nguchiro na vicheche, ambao huwa wanaiba kwa siri zaidi na lawama wanaachiwa mbwa.

Kuku wafungiwe kabla ya magharibi, kila siku, bila "leo tu". Vyombo vya maji viingie ndani nao, na hapo ile kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, utakuwa umejipunguzia.

Baada ya banda ndipo tuongee habari ya mzee. Umemwambia mara mbili, sawa, lakini nakuuliza: ulimwambia vipi? Kama ulikwenda asubuhi na kuku aliyekufa mkononi, ulipeleka msiba, na mtu aliyepelekewa msiba wa kutuhumiwa hujitetea. "Mbwa ni mbwa" ni maneno ya mtu asiyeona la kufanya. Safari hii nenda jioni, siku ambayo hakuna kuku aliyekufa. Nenda na mumeo, kaka, au mama mtu mzima wa mtaani anayeheshimiana naye. Shikamoo yake, habari za afya, chai kama italetwa. Halafu usipeleke lawama, peleka ombi: "Mzee, nimekuja kukuomba ruhusa nilaze waya upande wako wa fensi, upana wa sentimita 60, gharama ni zangu, na nitaufunika kwa mchanga usiuone."

Najua utauliza kwa nini ulipe wewe wakati mbwa ni wake. Haki iko kwako. Lakini fanya hesabu: waya wa mita 19, ukihesabu na mapishano, vigingi 37, na siku moja ya fundi. Linganisha na kuku saba, halafu na saba wengine. Kwa uzoefu wangu wazee wengi wakiombwa ruhusa badala ya kushtakiwa huishia kusema "basi na mimi nitachangia vigingi". Asiposema, umeshinda pia.

Kabla ya safari hiyo fanya jambo moja: tafuta bikoni, yaani alama za mpaka, za kiwanja chako. Watu wengi huku kwetu hujenga fensi ndani kidogo ya mpaka kwa kuogopa ugomvi. Ukikuta fensi yako iko nusu mita au zaidi ndani ya bikoni, basi ule ukanda wa nje ni ardhi yako na unalaza waya kama taarifa tu. Bado mwambie mzee, lakini kwa sauti nyingine.

Ukiwa umekaa naye, yako mambo ya mbwa mwenyewe ya kumgusia, na unaweza kumwambia ni mimi nimesema ili lawama zije kwangu. Mbwa anayefungwa mnyororo kwa muda wa saa 12 hatulii. Nguvu zote anaziweka akiba na kuzimwaga usiku. Angalau mnyororo uunganishwe kwenye waya mrefu uliotambazwa kati ya miti miwili ili aweze kukimbia kwenda na kurudi, awe na kivuli cha kudumu na maji, na ale jioni kabla ya kufunguliwa, si asubuhi ya siku ya pili. Mbwa aliyeshiba bado anaweza kumkimbiza kuku, maana kukimbiza ni mchezo kwake hata bila njaa, ila hatachimba kwa bidii ileile. Amhasi. Dume asiyehasiwa akisikia harufu ya jike mwenye joto, hata mitaa kadhaa mbali, atatoka kwa njia yoyote. Na hapa matumbo yako yaliyochemshwa yanaweza kuwa sarafu nzuri ya ujirani: mpelekee mzee kibakuli Jumamosi jioni, ampe mbwa wake upande wa getini kwake. Usimrushie wewe mwenyewe kupitia fensi hata siku moja, utakuwa umemfundisha kuwa fensi ndiyo mezani.

Wapo watakaokuambia kwamba mbwa akila nyama ya kuku iliyopikwa atazidi kuua kuku. Si kweli. Kinachomfundisha kuua ni kule kukimbiza na kukamata.

Muulize pia, kwa upole, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili silisemi kukutisha. Mbwa anayechimba usiku kwa wiki nyingi kwa mtindo uleule hana kichaa. Mwenye kichaa hali yake hubadilika siku kwa siku na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi hivi tangu dalili zianze. Lakini mbwa anayeingia uani kwa watu wenye watoto lazima awe amechanjwa, kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama hajachanjwa, afisa mifugo wa kata atamwambia ratiba, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huendesha kampeni za chanjo. Ikitokea amemng'ata au kumparura mtu wa nyumbani kwako, jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa, bila kupaka mafuta, pilipili wala dawa ya mtaani, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Msimuue mbwa kwa hasira: akifungwa na kuangaliwa kwa siku kumi akabaki mzima, madaktari wanapata taarifa kubwa. Ila kwenda hospitali kusisubiri siku hizo kumi. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mzee akikataa kata kata, na ardhi ya nje si yako, basi unarudi upande wako na unakwenda chini. Hii ndiyo njia ghali. Chimba mfereji kwa urefu wote wa fensi, upana sentimita 20, kina sentimita 40, umwage zege, na sehemu ya chini ya chenlinki iingie ndani ya zege hilo kama sentimita tano. Kwa mita 18 hiyo ni karibu mita moja na nusu za ujazo, yaani mifuko sita au saba ya saruji kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu kwa kokoto sita. Au zika tofali za inchi sita kozi mbili zilizojengwa kwa udongo wa saruji. Utahitaji tofali 80 pamoja na za kuvunjika, na utafika kina kama hichohicho. Kwenye mchanga wenu mfereji ukiachwa wazi usiku unabomoka, kwa hiyo chimbeni kipande cha asubuhi mkimalize jioni. Mvua za vuli zisikukute katikati.

Ukishamaliza chini, angalia juu. Mbwa mkubwa aliyezuiliwa kuchimba huanza kupima urefu. Chenlinki ya futi nne si kitu kwake. Ifikishe sita, au pandisha nyaya mbili zilizolala kuelekea kwake. Na hizo nyaya zisiunganishwe na umeme wa nyumbani, hata kama fundi anasema ni "kidogo tu". Umeme wa nyumbani ukiingizwa kwenye fensi unaua mtu. Fensi za umeme za kweli zina kifaa chake maalumu na watu wake wa kuzifunga.

Oili chafu niliisahau. Itakaa mchangani miaka, itaua nyasi, itashuka na mvua kuelekea kwenye maji, na mbwa atachimba pembeni yake. Pilipili ya unga inafanya kazi mpaka umande wa kwanza, halafu upepo wa bahari unakurudishia machoni mwako. Nepthalini, zile za kuweka kabatini, ni sumu kwa mbwa na mtoto anaweza kudhani ni peremende. Vipande vya chupa vinakata nyayo za mbwa leo na za mwanao kesho. Chupa za maji ya rangi zilizopangwa kando ya ua ninaziona kila mtaa, na ninaona pia mbwa wamelala kando yake. Ile ya kufukia kinyesi cha mbwa mwenyewe kwenye shimo lake ina ukweli kidogo, mbwa wengi huliacha shimo hilo, lakini wanachimba jingine, na wewe umebaki na mayai ya minyoo mahali watoto wanapochezea peku.

Upande wa madai yako: kuku saba ni hasara halisi. Andika tarehe za kila tukio, piga picha za mashimo na za kuku waliouawa, hifadhi bei ulizokuwa ukiuzia. Usizitoe mara ya kwanza unapokwenda kwa mzee. Ukishindwana naye, ngazi yako ni mjumbe, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na afisa mifugo wa kata aitwe kwenye kikao hicho kwa sababu ndiye anayejua habari za chanjo na utunzaji. Baraza la kata liko baada ya hapo. Migogoro mingi ya namna hii huishia kwa mjumbe, hasa mlalamikaji akija na daftari na mlalamikiwa akija na "mbwa ni mbwa".

Kama utaweka waya upande wa mzee, kila jioni kwa wiki mbili sawazisha mchanga kando ya fensi kwa reki. Asubuhi usome nyayo. Ukiona ameparua sehemu nyingi juujuu na kuacha, waya umefanya kazi. Ukiona ameparua sehemu moja kwa kina usiku baada ya usiku, kigingi kimelegea hapo au mapishano hayakufungwa. Na ukikuta nyayo ndogo zenye vidole vyembamba na makucha marefu, huyo si mbwa wa mzee, ni nguchiro, na umdai yeye.

Swali lako la mwisho, la kufuga mbwa wako. Hapana. Ukichukua dume, watagombana kupitia waya na utakuwa na wachimbaji wawili, mmoja kila upande. Ukichukua jike asiyefungwa uzazi, kila miezi sita hivi atakuwa kwenye joto kwa wiki kama tatu, na madume ya Kibada nzima yatajua unapokaa. Tena kwa nyumba inayochunga najisi utajiongezea kazi kila siku ya Mungu. Ukitaka mlinzi wa bandani, nunua kanga wawili watatu. Hawapigani na mbwa, wala hawamzuii, lakini kitu kigeni kikipita usiku watapiga kelele mpaka mzee naye aamke. Wafuge pamoja na kuku wangali vifaranga ili walizoee banda, la sivyo watalala juu ya mwembe wa mzee na utalazimika kwenda kuomba ruhusa nyingine.